Stenti yenye dawa au chuma kitupu? Soma hii kabla ukoo haujachanga

Tukuyu. Mwaka jana kwenye group la WhatsApp la ukoo wetu kulizuka ubishi mkali, na safari hii haukuwa wa Simba na Yanga.

Baba mkubwa wangu, mkazi wa Makandana mwenye shamba la chai kuelekea Katumba, alikuwa amefikishwa Dar es Salaam baada ya miezi kadhaa ya kubanwa kifua kila akipanda kilima. Kipimo kikaonyesha mshipa mmoja wa moyo umebaki na njia nyembamba sana. Akatakiwa kuwekewa stenti, na familia ikaambiwa zipo za aina mbili: yenye dawa na isiyo na dawa. Yenye dawa bei yake imechangamka.

Hapo ndipo group likagawanyika. Shangazi akaandika kwamba "hizo za dawa zinaua, nimeona mtandaoni". Binamu yangu wa Mbalizi akajibu kwamba ya kawaida ni ya kizamani, itaziba tena fasta. Mimi, kwa kuwa ndiye "mwandishi wa ukoo", nikapewa hadi saa nne usiku nilete jibu, maana mhazini alikuwa anafunga michango.

Jibu halikuwa la mstari mmoja. Wote wawili walikuwa na kipande cha ukweli, na wote wawili walikuwa wamekosea jambo la msingi.

Tuanze na mshipa wenyewe

Moyo unapeleka damu mwili mzima, lakini na wenyewe ni msuli unaohitaji damu. Unaipata kupitia mishipa midogo iliyouzunguka kwa nje, upana wake ni milimita chache tu. Kwa miaka mingi mafuta (lehemu), chokaa na seli zilizovimba hujikusanya kwenye ukuta wa mishipa hiyo. Sigara, kisukari, presha ya kupanda na umri vinaharakisha kazi.

Njia ikibaki nyembamba, ukiwa umekaa huoni shida. Ukipanda mlima, na Tukuyu nzima ni mlima, moyo unadai damu zaidi na mshipa hauwezi kuipitisha. Kifua kinabana, wakati mwingine maumivu yanakwenda begani, mkononi au kwenye taya. Ukipumzika yanaisha. Watu wengi wanaiita "gesi" na kununua vidonge vya vidonda vya tumbo.

Ile hali ya dharura ni nyingine. Tabaka la mafuta linapasuka, damu inaganda juu yake, mshipa unaziba kabisa na msuli wa moyo unaanza kufa. Hayo ndiyo mashambulizi ya moyo. Kumbuka tofauti hii, itatusaidia mbele.

Mpira, kisha wavu wa chuma

Mwaka 1977 daktari Andreas Gruentzig alifanya jambo la ajabu pale Zurich, Uswisi: alipitisha mrija mwembamba ndani ya mshipa wa mgonjwa aliye macho, akaufikisha kwenye moyo, akajaza kipira kidogo kilichokuwa kwenye mrija huo, na njia ikapanuka. Hakuna kupasua kifua.

Tatizo ni kwamba mshipa una tabia ya kurudi ulivyokuwa. Karibu theluthi ya wagonjwa waliopanuliwa kwa mpira peke yake walibanwa tena ndani ya miezi michache.

Wakulima wa ndizi wa Rungwe wangependekeza jibu lile lile walilofikia madaktari: weka nguzo. Mgomba ukielemewa na mkungu unaukingia mti usianguke. Mwaka 1986, Jacques Puel wa Toulouse, Ufaransa, na Ulrich Sigwart wa Lausanne, Uswisi, waliweka nguzo za kwanza ndani ya mishipa ya moyo ya binadamu: wavu mdogo wa chuma, mfano wa spring ya kalamu, ambao siku hizi kwa kawaida huingia ukiwa umekunjwa juu ya kipira na kufunguka kipira kikijazwa. Kipira kinatolewa, wavu unabaki humo maisha yote. Hiyo ndiyo stenti. Magazeti yetu huiita pia "kizibua njia".

Hiyo ya mwanzo ni chuma kitupu. Haina dawa yoyote juu yake.

Kovu ndilo adui

Ukikatwa na panga shambani, mwili unaleta seli mpya kufunga kidonda. Kwa baadhi yetu kovu linazidi na kuvimba. Ndani ya mshipa mambo ni hayo hayo. Kipira na chuma vinaumiza ukuta, mwili unaanza kutibu, seli zinaota kupita katikati ya matundu ya wavu, na kwa watu wengine zinaota kupita kiasi mpaka njia inakuwa nyembamba tena. Kwa kawaida hili hujionyesha kati ya mwezi wa tatu na mwaka wa kwanza.

Kwa stenti za chuma kitupu za zamani, iliwatokea takriban watu 20 hadi 30 katika kila 100, ingawa si wote walioumwa. Wenye kisukari, wenye mishipa myembamba sana na waliokuwa na eneo refu lililoziba walikuwa kwenye hatari zaidi. Kwa hiyo binamu yangu hakusema uongo kabisa. Alikosea tu kudhani ni lazima na ni mara moja.

Sasa wazo likaja: kwa nini chuma kisipakwe dawa inayowaambia wale seli "taratibu"?

Dawa iliyofanya kazi hiyo ilitoka mbali kweli. Mwaka 1964 watafiti kutoka Kanada walichota udongo katika kisiwa cha Rapa Nui, kilichopo Pasifiki na kumilikiwa na Chile. Ndani ya udongo huo alikutwa bakteria anayetengeneza kemikali ambayo baadaye iliitwa sirolimasi. Kwanza ikatumika kuzuia mwili usikatae figo ya kupandikizwa. Kisha ikapakwa kwenye stenti, na mwaka 1999 wagonjwa wa kwanza wakawekewa, São Paulo nchini Brazil, na timu ya Dk. Eduardo Sousa. Dawa inatoka kidogo kidogo kwenye chuma kwa wiki kadhaa, muda ule ule ambao kovu lingekuwa linaota.

Utafiti ulioitwa RAVEL, uliochapishwa mwaka 2002, ulishtua dunia. Kati ya wagonjwa 238, waliopata chuma kitupu asilimia 26.6 walikuwa wamebanwa tena baada ya miezi sita. Kundi la dawa? Sifuri. Tafiti zilizofuata, zilizochukua wagonjwa wenye hali ngumu zaidi, zilionyesha kwamba sifuri ilikuwa tamu mno, lakini tofauti ilibaki kubwa.

Shangazi hakuitunga ile habari

Septemba 2006, kwenye mkutano mkubwa wa madaktari wa moyo uliofanyika Barcelona, Hispania, zilitolewa takwimu zilizoonyesha kwamba stenti za dawa za kizazi cha kwanza huenda zinaleta hatari nyingine: damu kuganda ghafla ndani ya stenti, hata mwaka mmoja au zaidi baada ya kuwekwa.

Sababu inaeleweka. Dawa ile ile inayozuia kovu kuzidi, inachelewesha pia ile ngozi laini ya ndani ya mshipa kukifunika chuma. Chuma kikibaki wazi, damu inakiona kama mgeni na inaweza kuganda. Kubanwa na kovu ni kwa polepole na mara nyingi kunakupa onyo. Kuganda kwa damu ni kwa dakika, na wengi hawaponi.

Habari ile ilizunguka dunia, na mpaka leo inazunguka kwenye simu zetu kama vile imetoka jana. Kilichoachwa nyuma ni miaka iliyofuata. Viwanda vilibadilisha dawa, vikapunguza unene wa nyuzi za chuma hadi kukaribia unene wa unywele, na vikabadilisha ile gundi inayoshikilia dawa au kuiondoa kabisa. Stenti ya dawa ya sasa siyo ile iliyojadiliwa Barcelona.

Ushahidi mzuri ninaoujua unatoka Norwe. Watafiti huko waliwagawa kwa kura wagonjwa 9,013, nusu wapate stenti mpya za dawa na nusu chuma kitupu cha kisasa, wakawafuatilia. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Baada ya miaka sita:

Waliofariki au kupata shambulio la moyo: asilimia 16.6 upande wa dawa, asilimia 17.1 upande wa chuma kitupu. Kitakwimu ni sare.

Waliolazimika kurudi hospitali kuzibuliwa tena: asilimia 16.5 kwa dawa, asilimia 19.8 kwa chuma kitupu.

Damu kuganda ndani ya stenti: asilimia 0.8 kwa dawa, asilimia 1.2 kwa chuma kitupu.

Soma tena mstari wa mwisho. Kile ambacho shangazi alikihofia kilitokea kidogo zaidi kwa wale wenye chuma kitupu. Lakini soma na wa kwanza pia, kwa ajili ya binamu: stenti ya dawa haikuongeza maisha kwa namna ya kuonekana. Ilichofanya ni kupunguza safari za kurudi. Kwa hesabu hiyo, ukiwawekea watu 30 stenti za dawa badala ya chuma kitupu, unamwepusha takriban mmoja kurudi mezani ndani ya miaka sita.

Kwa mtu anayeishi Oslo, kurudi mezani ni usumbufu. Kwa mtu wa Makandana ni jambo lingine.

Kilomita 900

Kutoka Tukuyu mpaka Dar ni takriban kilomita 900. Unashuka Kiwira, unaingia barabara kuu pale Uyole, halafu Makambako, Iringa, mlima Kitonga, Mikumi, Morogoro. Mgonjwa wa moyo hasafiri peke yake, kwa hiyo ni nauli mbili kwenda, mbili kurudi, mahali pa kulala, chakula, na shamba limeachwa. Kabla ya hapo kuna ngazi za rufaa: hospitali ya wilaya ya Makandana, Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, kisha Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iliyopo Muhimbili.

Taasisi hiyo ilianza mwaka 2015, na ndiyo kituo kikubwa cha serikali cha kazi hii. Kuna chumba chenye mtambo maalumu wa eksirei, madaktari wanakiita kathilabu, ambamo mrija unapitishwa kwenye mkono au nyonga huku wakiangalia kwenye skrini. Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma nayo ina mtambo wa aina hiyo, na kwa sisi wa Nyanda za Juu Kusini ni karibu kidogo. Zamani wengi walikuwa wanapelekwa India.

Nikaandika kwenye group: tofauti ya bei ya hizo stenti mbili iwekwe kando ya gharama ya safari moja nzima ya kurudi, siyo kando ya sifuri. Mhazini akajibu kwa emoji ya kikokotoo.

Tukiwa kwenye India, kuna jambo la kujifunza kuhusu bei. Februari 2017 serikali ya India iliweka bei ya juu kabisa: rupia 7,260 kwa stenti ya chuma kitupu na 29,600 kwa ya dawa, kabla ya kodi. Yaani hata baada ya kushushwa, ya dawa ilikuwa karibu mara nne. Kwa hiyo ukiona pengo kwenye karatasi ya makadirio, usidhani moja kwa moja kwamba unapigwa. Ila una haki ya kuuliza ni stenti ngapi, aina gani, na bima yako inalipa ipi. Mtu mmoja anaweza kuhitaji mbili au tatu, na hapo ndipo bajeti za michango zinapovunjika.

Kesi yenyewe ni vidonge

Hapa ndipo nilipogundua kwamba ukoo mzima, na mimi nikiwemo, tulikuwa tunabishania kitu kidogo.

Ukiwekewa stenti yoyote, yenye dawa au isiyo nayo, unapewa vidonge viwili vya kuzuia damu isigande: aspirini na kingine, mara nyingi klopidogreli. Vinalinda chuma mpaka mwili ukifunike. Kuviacha mapema ni moja ya sababu kubwa za damu kuganda ndani ya stenti.

Zamani sheria ilikuwa rahisi. Chuma kitupu: vidonge viwili kwa mwezi mmoja tu. Chenye dawa: mwaka mzima. Ndiyo maana madaktari waliwachagulia chuma kitupu watu wenye vidonda vya tumbo, wazee wanaovuja damu kirahisi, wanaosubiri upasuaji, na wale ambao daktari aliona wazi hawataweza kununua dawa kwa mwaka. Kwa wilaya kama Rungwe, ambako mtu anaweza kupata fedha zake msimu wa ndizi au chai tu, hiyo ilikuwa hoja nzito.

Hoja hiyo imepungua nguvu sana. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti wa LEADERS FREE, uliowachukua wagonjwa 2,466 walio kwenye hatari kubwa ya kutokwa damu. Wote walipewa vidonge viwili kwa mwezi mmoja tu. Nusu walikuwa na stenti iliyopakwa dawa bila gundi, nusu chuma kitupu. Vifo vya moyo, mashambulizi na kuganda kwa damu vikijumlishwa vilikuwa asilimia 9.4 kwa wenye dawa na asilimia 12.9 kwa wenye chuma kitupu. Yaani hata kwenye kundi ambalo chuma kitupu kilikuwa kinatetewa zaidi, kilishindwa. Mwaka 2018 mwongozo wa madaktari wa moyo wa Ulaya ukasema stenti ya dawa ndiyo itumike kwa karibu kila mgonjwa anayewekewa.

Kwa leo, asiyekuwa na shambulio la moyo kwa kawaida hutumia vidonge viwili kwa takriban miezi sita. Aliyepata shambulio, mwaka. Daktari anaweza kufupisha kwa mwenye hatari ya kuvuja damu. Baada ya hapo wengi hubaki na kimoja maisha yote. Muda wa kwako anausema daktari wako, siyo mimi wala group.

Mitego ya kwetu ninayoijua ni hii. Mtu anang'olewa jino, anaambiwa asimamishe dawa, anasimamisha bila kumpigia daktari wa moyo. Mtu anajisikia vizuri mwezi wa pili, anaona dawa zimemaliza kazi. Mtu anaumwa tumbo, ananunua omeprazo duka la dawa bila kujua kwamba inaweza kuipunguzia nguvu klopidogreli. Zipo dawa nyingine za tumbo ambazo daktari anaweza kuchagua. Na mwingine anaanza mitishamba ya "kusafisha mishipa" na kuweka vidonge kando. Ukipata choo cheusi kama lami au damu isiyokata, nenda hospitali, lakini usiamue mwenyewe kuacha.

Je, kila aliyebanwa anahitaji chuma?

Hapana, na hili huwa halisemwi kwenye michango. Kwa mtu ambaye kifua kinambana akifanya kazi tu na hali imetulia, utafiti mkubwa wa ISCHEMIA uliochapishwa mwaka 2020, wenye watu 5,179, haukuona kwamba kukimbilia stenti au upasuaji kunapunguza vifo kuliko kuanza na dawa nzuri. Stenti iliwapunguzia maumivu, na hiyo siyo faida ndogo kwa mtu anayeishi kwa kupanda na kushuka. Lakini "asipowekewa leo atakufa" ni maneno ya kwenye shambulio la moyo, siyo ya kila mshipa uliobanwa. Na mishipa ikiwa imeziba mingi, hasa kwa mwenye kisukari, upasuaji wa kupandikiza mishipa unaweza kuwa bora kuliko stenti yoyote.

Kwa shambulio lenyewe, hesabu inageuka. Kifua kikibana kwa zaidi ya dakika 15 au 20 bila kuisha, jasho baridi, pumzi inakatika, usisubiri basi la Dar. Wahi Makandana au hospitali yoyote iliyo karibu, ukapimwe umeme wa moyo na kupewa aspirini. Zipo pia dawa za sindano za kuyeyusha damu iliyoganda, ambazo hutumika pale kathilabu ilipo mbali. Stenti inakuja baadaye.

Na kama wewe au mzee wako mliwekewa chuma kitupu miaka ya nyuma na mnaendelea vizuri, hakuna cha kubadilisha. Hakitolewi, na mwaka wa kwanza, ambao ndio wa hatari ya kovu, ulishapita. Kingine mnachoniuliza sana: kwa kawaida stenti hailii kwenye mashine za uwanja wa ndege.

Kwa baba mkubwa, alipewa yenye dawa. Ukoo ulimaliza kuchanga siku tatu baada ya muda wa mhazini. Alirudi Makandana na kadi ndogo yenye aina ya stenti, ukubwa na tarehe, ambayo anaiweka nyuma ya kava la simu yake ya batani kwa raba. Tuliipiga picha na kuituma kwenye group. Shangazi, yule yule, ndiye aliyejipa kazi ya kumpigia kila Jumapili jioni na kumhesabisha vidonge vilivyobaki.